Kunasa au Kuzoa: Istilahi ya Misombo Inayoshika Radikali za Nitriki Oksidi, kwa Mifano ya Kibera na Kawangware

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza neno moja tu: lile litakalotumiwa katika Kiswahili kwa misombo ya kikemia, au kampaundi kama wengine waitavyo, ambayo kwa Kiingereza huitwa scavengers, na hasa ile inayoshika radikali za nitriki oksidi. Msomaji wa jarida la lugha ana haki ya kuuliza kwa nini aletewe mambo ya maabara. Jibu ni kwamba mkemia hana shida kubwa na neno hilo, kwa kuwa anapolitumia huwa na mlinganyo wa mmenyuko mbele yake, na mlinganyo ndio unaosema yaliyotokea. Shida huzuka pale mlinganyo unapoachwa maabarani na jambo likasimuliwa kwa maneno matupu. Katika jiji la Nairobi maneno hayo, yakishatoka nje ya chumba cha mihadhara, mara nyingi huwa ya Kiswahili. Muuguzi anayemweleza mama wa Kibera juu ya maradhi ya mwanawe, mwuza mitishamba aliyepanga chupa zake kando ya barabara huko Kawangware, mtangazaji wa redio katika kipindi cha afya: wote hawa husema bila mlinganyo. Neno walilonalo ndilo nadharia yao yote.

Mitaa hiyo miwili imeteuliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Kibera ilianza kukaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wanubi, askari wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi kibra, yaani msitu. Baadaye wakaja Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo. Kawangware, iliyo upande wa Dagoretti, nayo ina mchanganyiko wake, ambamo Wakikuyu na Waluhya ni wengi. Katika mitaa yote miwili Kiswahili ndicho uwanja wa kukutania. Sababu ya pili ni moshi. Ijapokuwa gesi ya mitungi imeenea, zingaliko nyumba nyingi za chumba kimoja ambamo jiko la makaa au stovu ya mafuta ya taa huwaka papo hapo mnapolaliwa, na nje takataka huchomwa kandokando ya njia. Nitriki oksidi ni mojawapo ya gesi zitokazo katika mioto hiyo. Kwa hiyo si kitu cha vitabuni tu kwa wakazi wa huko. Hukivuta puani kila jioni.

Radikali yenyewe

Nitriki oksidi ni molekuli ndogo sana, yenye atomi moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni. Nitrojeni ina elektroni 5 katika tabaka lake la nje, na oksijeni ina 6. Jumla yake ni 11, nayo ni witiri. Kwa kuwa elektroni hukaa mbili mbili, moja hubaki bila mwenzi, na molekuli yenye elektroni pweke ya namna hiyo ndiyo iitwayo radikali. Hapa Kiswahili kina bahati, maana shufwa na witiri, maneno yaliyozoeleka katika hesabu, yanalieleza jambo hili kwa ufupi usiopatikana kwa urahisi katika lugha ambamo istilahi za kemia zilitungwa.

Radikali nyingi zina pupa na hazidumu. Nitriki oksidi ni pole kidogo: elektroni yake pweke imetandaa baina ya atomi zote mbili, hata molekuli mbili zikikutana katika joto la kawaida haziungani kwa urahisi. Inayoyapenda zaidi ni mambo matatu. Hupenda chuma kilichomo katika himoglobini na katika baadhi ya vimeng'enya. Hupenda radikali nyingine, na ikikutana na supaoksidi humenyuka kwa kasi isiyopungukiwa sana na ile ya molekuli kukutana tu ndani ya maji. Zao la mmenyuko huo ni peroksinitriti, kitu kikali kinachoharibu protini na mafuta ya seli. Tena hupenda oksijeni ya hewani, ikageuka kuwa nitrojeni dioksidi, gesi ya hudhurungi inayowasha mapafu. Lakini mmenyuko huu wa mwisho hutegemea mraba wa wingi wa nitriki oksidi. Ikiwa nyingi, kama karibu na moto, hugeuka upesi. Ikiwa chache, kama ndani ya mwili, oksijeni haiiwahi.

Hadi miaka ya 1970 wengi waliijua kama uchafu wa moshi wa magari na viwanda. Mwaka 1977 Ferid Murad alionyesha kwamba nitrogliserini, dawa ya zamani ya maumivu ya moyo, hufanya kazi kwa kutoa nitriki oksidi. Mwaka 1980 Robert Furchgott aligundua kwamba utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa kitu kinacholegeza misuli ya mishipa hiyo, na mwaka 1987 kundi la Salvador Moncada huko Uingereza na lile la Louis Ignarro huko Marekani yakatambua kuwa kitu hicho ni nitriki oksidi. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kuachwa kwa Moncada kulizusha manung'uniko ambayo hayana nafasi hapa. Lililo muhimu kwa mwanalugha ni kwamba kitu kilichokuwa kikihesabiwa kuwa taka kilithibitika kuwa mjumbe. Mwili hukitengeneza kwa makusudi, kutokana na asidi amino iitwayo aginini, na bila hicho mishipa hukakamaa.

Jina la kazi ya mjini

Neno scavenger lina historia ya kuchekesha. Katika London ya kale lilimtaja afisa aliyekagua bidhaa za wafanyabiashara wageni na kuzitoza ushuru. Shina lake lilikuwa na maana ya kutazama. Baadaye afisa huyo akapewa kusimamia usafi wa barabara, kisha neno likashuka hadi kwa mfagizi mwenyewe, kisha kwa fisi na tai walao mizoga. Wakemia wa karne ya 20 walilikuta huko lilikoshukia, wakalichukua kama lilivyo, pamoja na harufu yake. Msombo uliopewa jina hili hudhaniwa tangu mwanzo kuwa unaondoa kitu kichafu.

Mfasiri anayetafuta kisawe jijini Nairobi hukutana kwanza na kitenzi chokora. Katika Kiswahili cha kawaida kuchokora ni kupekua au kuchimbua kwa kitu chenye ncha, kama mtu anavyochokora meno. Mitaani, chokoraa ni mtoto anayepindua jalala akitafuta chupa na vyuma vya kuuza. Kwa maana ya asili hakuna neno linalokaribia zaidi lile la Kiingereza. Hata hivyo halifai kabisa. Katika Kibera na Kawangware neno hili ni tusi, na wanaotukanwa kwalo wapo, wanasikia, na baadhi yao wameketi darasani. Istilahi ambayo mwalimu hawezi kuitamka mbele ya wanafunzi wake bila kumwumiza mmoja wao si istilahi.

La pili ni zoa. Hili ni neno safi, lenye heshima, na watunzi wengi wangelichagua: kizoaradikali, kwa mfano, au kizoazoa. Kasoro yake haimo katika sauti wala katika sarufi. Imo katika yambwa yake. Kinachozolewa ni taka, au vumbi, au vitu vilivyotapakaa ovyo. Hakuna azoaye kitu kilichowekwa mahali pake. Ukisema kwamba msombo fulani unazoa nitriki oksidi umekwisha kuamua, bila kusema, kwamba nitriki oksidi ni takataka ya mwili. Kasoro hiyo hiyo imezidi katika kiondoasumu, neno linalopendwa katika matangazo ya dawa, ambalo hata halijali ni sumu gani.

Fyonza nalo lilikuwa na dalili nzuri, lakini sifongo hufyonza maji na maji yakabaki kuwa maji. Kemia haimo.

Limebaki nasa. Ndege hunaswa na ulimbo, samaki hunaswa na wavu, sauti hunaswa na kinasasauti. Kitenzi hiki hakisemi kama kilichonaswa ni kizuri au kibaya, wala hakisemi litakalofuata: samaki aliyenaswa huweza kuliwa, kuuzwa, au kurudishwa majini. Tena kina faida ya kisarufi ambayo zoa haina, nayo ni kinyume chake, nasua. Faida hii si pambo. Misombo yenye salfa, kama glutathioni, huweza kubeba nitriki oksidi ikiwa imefungwa katika umbo liitwalo nitrosothioli, kisha ikaiachia mahali pengine. Kwa nasa na nasua mwalimu anaweza kulieleza jambo zima kwa kitenzi kimoja na kiambishi chake: glutathioni imenasa hapa, imenasua pale. Kwa zoa hawezi, maana hakuna *zoua.

Yapo mapingamizi. Baadhi ya misombo hii hainasi na kushikilia, bali hugeuza. Mfano mashuhuri ni ule wa familia ya PTIO, ambao Akaike na wenzake wa Kumamoto, Japani, waliueleza mwaka 1993 na ambao tangu hapo umetumiwa sana maabarani. Molekuli ya PTIO huipa nitriki oksidi atomi moja ya oksijeni, na kinachotoka ni nitrojeni dioksidi. Yaani radikali moja imeondoka na nyingine, tena kali zaidi, imechukua nafasi yake. Kwa lugha ya kuzoa hii ni kama mfagizi anayeondoa majivu na kuacha kaa la moto. Kwa lugha ya kunasa angalau hakuna ahadi iliyovunjwa. Na panapotakiwa usahihi zaidi inafaa kusema kigeuza, na kuacha kinasa kwa ile inayoshika kweli, kama michanganyiko ya chuma na ditiokabamati inayoikamata nitriki oksidi nzima nzima ili ipimwe.

Kinasa kilichomo katika damu

Hoja yenye uzito kuliko zote haitoki katika chupa za maabara bali katika damu. Himoglobini ni kinasa cha nitriki oksidi kilicho hodari kuliko karibu vyote tunavyovijua. Ikiwa imebeba oksijeni, huigeuza nitriki oksidi kuwa nitrati, na yenyewe ikawa methimoglobini, isiyoweza tena kubeba oksijeni mpaka irekebishwe. Ikiwa haina oksijeni, huishika kwa chuma chake, mahali pale pale inaposhikwa kaboni monoksidi itokayo katika jiko la makaa. Mtu mwenye afya hadhuriki, kwa kuwa himoglobini yake imefungiwa ndani ya seli nyekundu, nayo nitriki oksidi huchelewa kuifikia.

Katika ugonjwa wa selimundu mambo hubadilika. Seli nyekundu hupasuka, himoglobini ikamwagika katika utegili, yaani majimaji ya damu, na huko ikaanza kunasa nitriki oksidi jirani kabisa na ukuta wa mshipa unaoitengeneza. Mishipa hukosa mjumbe wake, ikabana. Watafiti wa Marekani walilithibitisha jambo hili kwa wagonjwa wa selimundu mwaka 2002. Kwa Kibera si habari ya mbali: familia nyingi za huko zina asili yake katika maeneo ya Ziwa Viktoria, ambako malaria imekuwapo kwa vizazi na vizazi na pamoja nayo jeni ya selimundu. Malaria yenyewe hupasua seli nyekundu. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1996 uliwakuta wenye malaria ya ubongo wakiwa na nitriki oksidi chache kuliko wale waliokuwa na vimelea bila kuugua.

Sasa na muuguzi ajaribu kumweleza mama huyo. Akisema kwamba himoglobini iliyomwagika inazoa radikali, mama atasikia kwamba kuna usafi unaofanyika katika damu ya mwanawe, na atauliza kwa haki mbona mtoto analia. Akisema kwamba himoglobini imetoka mahali pake na inanasa kitu ambacho mishipa inakihitaji, ameeleza ugonjwa. Tofauti ya maelezo haya mawili ni kitenzi kimoja.

Mboga na rangi ya waridi

Katika soko la Toi, ubavuni mwa Kibera, na katika soko la Kawangware, mboga za kienyeji huuzwa kwa majina mengi. Aitayo Mkikuyu managu, Mjaluo huiita osuga, Mkisii rinagu, na Kiswahili sanifu mnavu. Mgagani ni akeyo au dek kwa Wajaluo, chinsaga kwa Wakisii, tsisaka kwa Waluhya, na sageti kwa wengi wasiojua kwamba wanatumia neno la Kikalenjin. Wingi huu wa majina haumsumbui mnunuzi hata kidogo, kwa sababu mboga yenyewe iko mbele ya macho yake na anaweza kuinyooshea kidole. Radikali haiwezi kunyooshewa kidole. Ndiyo sababu jina lake na la vinasa vyake hubeba mzigo ambao jina la mnavu halijawahi kubeba.

Mimea ya namna hii, pamoja na mwarobaini (mti ambao jina lake peke yake huahidi tiba 40), hupimwa mara kwa mara katika maabara za vyuo vingi duniani ili ijulikane kama inashika nitriki oksidi. Njia ya kupima ni rahisi na ya gharama ndogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuenea kwake tangu majani ya mti wa ginkgo yalipopimwa hivyo mwaka 1994. Nitroprusidi ya sodiamu huyeyushwa majini na kuachwa kwenye mwanga. Hutoa nitriki oksidi kidogo kidogo. Nitriki oksidi hukutana na oksijeni na mwishowe ikawa nitriti. Kisha hutiwa kitendanishi cha Griess, na nitriti ikaonekana kwa rangi ya waridi, ambayo ukoleaji wake hupimwa kwa mwanga wa nanomita 540 hivi. Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa mkemia wa kiwanda cha bia huko Burton, Uingereza, aliieleza mwaka 1879, zamani sana kabla ya yeyote kufikiri kwamba mwili hutengeneza gesi hiyo. Rangi ikififia baada ya kutiwa maji ya majani, huandikwa kwamba majani yamenasa nitriki oksidi.

Je, yamenasa? Rangi imesema tu kwamba nitriti imepungua. Fenoli za mimea, kama kwesetini, humenyuka na nitriki oksidi yenyewe polepole. Upesi wao huonekana zaidi zinapokutana na nitrojeni dioksidi na masalia mengine yanayotokea njiani. Asidi askobiki, yaani vitamini C, huweza kuila nitriti ndani ya kitendanishi chenyewe, chenye asidi, baada ya jaribio kwisha, rangi ikafifia bila radikali yoyote kuguswa. Kwa matokeo ya namna hii jina la haki lingekuwa kipunguza nitriti, mpaka ithibitishwe kwa njia nyingine. Lakini neno lililokwisha kuchapishwa lina nguvu ya kujirudia, kama ile hesabu ya watu milioni moja wa Kibera, iliyonukuliwa kwa miaka mingi mpaka sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070.

Zaidi ya hayo, mboga za majani, mchicha ukiwa miongoni mwake, zina nitrati nyingi. Bakteria wa ulimini huigeuza nitrati hiyo kuwa nitriti, na nitriti ikifika katika asidi ya tumbo hutoa nitriki oksidi. Jambo hili lilionyeshwa na makundi mawili ya watafiti, la Sweden na la Uingereza, mwaka 1994. Basi mchicha ule ule ambao katika chupa ungeitwa mzoaji wa nitriki oksidi, ukishaliwa huwa mleta nitriki oksidi. Mwuza mitishamba anayemwambia mpishi wa chumba chenye moshi kwamba mboga itazoa sumu ya jiko hakosei kwa nia mbaya. Amelipokea neno kama alivyopewa, na neno limemruhusu kulinganisha moshi ulioko mapafuni na jani lililoko tumboni kana kwamba ni taka na ufagio. Moshi wa jiko, kwa vyovyote, hupungua kwa kufungua dirisha, kubadili nishati au kutoa jiko nje, na hakuna mnavu unaofanya kazi hiyo.

Limebaki suala dogo la tahajia. Nitriti na nitrati zinatofautiana kwa irabu moja tu, na wengi waliosomea sayansi kwa Kiingereza huzitamka kwa namna ambayo msikilizaji huchanganyikiwa. Kwa mada hii kosa hilo si dogo: kitendanishi cha Griess huiona nitriti na hakiioni nitrati mpaka igeuzwe kwanza, ilhali zao la himoglobini yenye oksijeni ni nitrati. Mtu anayepima damu ya mgonjwa wa selimundu akasoma nitriti mahali palipoandikwa nitrati ataandika kwamba hakuna kilichonaswa. Inafaa watunzi wa istilahi wazitenganishe zaidi, pengine kwa kuambatisha idadi ya atomi za oksijeni, nitriti-mbili na nitrati-tatu, kama wanavyofanya baadhi ya walimu ubaoni.